Je, wajua kwa nini daktari anakuuliza kama unatumia miti shamba?

Shangazi yangu wa Chamwino ana sukari, mwaka wa sita huu, na mwaka jana nusura atuzimikie mnadani Msalato, siku ya Jumamosi, katikati ya moshi wa nyama choma. Alianza kutoka jasho, sisi tukajua ni jua maana jua la Dodoma mnalijua, mara mikono ikaanza kutetemeka, tukimsemesha anajibu vitu havieleweki, anamwita kijana wa nyama kwa jina la marehemu kaka yake. Mama mmoja muuza mitumba ndo alishtuka, akauliza huyu ana sukari? Mpeni soda haraka, na isiwe ile isiyo na sukari! Akanywa. Tulipomfikisha zahanati wakampima ikasoma 3.4, na hapo kashamaliza soda nzima, wakati ikishuka chini ya 4 tu mgonjwa wa sukari inabidi ashtuke.

Nesi akamuuliza taratibu, mama, ukiacha vidonge vyako unatumia dawa gani nyingine? "Hamna." Mkoba wake nilikuwa nimeupakata mimi, na ndani kulikuwa na kopo la unga wa mlonge, kijiko bado kimo. Asubuhi ile alikula vijiko viwili juu ya vidonge vyake, na chai hakunywa maana alikuwa anawahi mnada.

Sasa watu wengi wakiulizwa hilo swali wanadhani daktari anafanya umbea, au anatafuta sababu ya kufoka. Shangazi mwenyewe alishawahi kufokewa kliniki moja mbele ya foleni nzima kwa kutaja mwarobaini, toka hapo akaapa hasemi tena, na kwa kweli simlaumu. Lakini swali lenyewe lina maana kubwa.

Mwili haujui kwamba hii dawa imetoka famasi na hii imetoka porini. Kwake zote ni kemikali tu. Na wala hazijatengana hivyo kama tunavyodhani: vidonge vya metformin anavyomeza shangazi kila siku asili yake ni mmea wa Ulaya unaoitwa Galega, ambao wazee wa huko walikuwa wanampa mtu anayekojoa kojoa sana. Yaani miti shamba ya Wazungu. Dawa ya mseto ya malaria nayo ni vilevile, nguvu yake kubwa inatoka kwenye mmea wa artemisia ambao Wachina waliutumia kwa homa karne na karne, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake wakaichuja dawa yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Nobel. Kwa hiyo anayekwambia miti shamba haina kitu anakosea, ila anayekwambia haina madhara kwa sababu ni ya asili naye anakosea, maana kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia.

Zinagombana wapi sasa? Zinaweza kuanzia tumboni kabla hata hazijaingia kwenye damu. Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito ukisindikiza na chai ya rangi, chai inayashika madini ya chuma na mwili unapata kidogo. Doksi (doxycycline, dawa ya kuua bakteria) ukimeza na maziwa mgando, kalsiamu ya maziwa inaing'ang'ania. Halafu cha ajabu, mseto wenyewe unataka kinyume chake, umeze na maziwa au chakula chenye mafuta ndo unaingia vizuri mwilini. Maziwa yaleyale! Ndo maana mtu akikwambia "meza na chochote tu" usimsikilize.

Sehemu nyingine ni ini, na hapa ndo penye mambo. Ini, na hata ukuta wa utumbo, lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa ili mwili uzitoe, na dozi unayoandikiwa imepigiwa hesabu kwamba vimeng'enya vyako vinafanya kazi kwa kasi ya kawaida. Kuna mimea inavichelewesha, dawa inarundikana kwenye damu kama vile umemeza dozi mbili. Kuna mingine inaviongezea kasi, dawa inatolewa kabla haijafanya kazi, na wewe unasema dawa za siku hizi feki. Mfano maarufu wa kuchelewesha uligundulika kwa bahati kabisa huko Kanada miaka ya 1980, mtafiti David Bailey na wenzake walikuwa wanapima dawa moja ya presha pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe ili watu wasijue wanakunywa nini, kumbe juisi ndo iliyopandisha dawa kwenye damu na si pombe. Nifedipine, ambayo wazee wetu wengi wa presha wameshaimeza, ni mojawapo ya dawa zinazopandishwa na balungi. Kwa upande wa kushusha, vidonge vya kitunguu swaumu vilipojaribiwa Marekani na dawa moja ya kufubaza virusi vya UKIMWI inayoitwa saquinavir, kiasi cha dawa kwenye damu kilipungua karibu nusu. Msianze kutoa vitunguu kwenye mchuzi jamani, vile vilikuwa vidonge, vinamezwa kila siku kwa wiki kadhaa, siyo punje mbili za kuungia maharage.

Na kuna pale ambapo dawa mbili zinafanya kazi moja, na hiki ndo kilichomkuta shangazi. Glibenclamide, kidonge chake cha pili, kinalisukuma kongosho litoe insulini. Mlonge kwa panya umeonyesha kushusha sukari, kwa binadamu tafiti ni chache na ndogo, lakini ukichanganya vijiko viwili, kidonge, na tumbo tupu, ni watu watatu wanaosukuma mlango mmoja. Kijiko chenyewe nacho si kipimo, unga wa leo na wa mwezi ujao haviko sawa, inategemea majani yalichumwa lini na yalianikwa wapi.

Hapo sijagusa zile "dawa za asili" za nguvu za kiume, nchi mbalimbali zimezipima na kukuta zimechanganywa sildenafil, ile iliyomo kwenye Viagra, kimya kimya, yaani mtu anauziwa kidonge cha hospitali kwa jina la mzizi. Mzee anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akizinywa hizo, presha inaweza kuporomoka akafa.

Kwa nini basi watu hawaachi tu miti shamba? Kwa sababu hospitali unakaa foleni masaa manne unaonwa dakika tano, wakati mganga anakuuliza umelalaje, nani amefariki, mumeo anarudi saa ngapi. Hilo nalo ni tiba, silidharau. Shirika la Afya Duniani kwenye katiba yake iliyoanza kutumika 1948 lilisema afya ni mwili, akili na maisha ya mtu na jamii yake, siyo kukosa ugonjwa tu. Maombi, kukandwa maji ya moto, chai ya tangawizi kwa kichefuchefu (hii hata tafiti zinaikubali), mtu wa kukusikiliza, hivyo vingi vinakaa na vidonge bila ugomvi. Ugomvi unakuja pale kimoja kinapofukuza kingine. Mnakumbuka kikombe cha dawa ya mizizi cha Babu wa Loliondo, yule mchungaji mstaafu, 2011, shilingi 500, foleni za magari kilometa na kilometa. Waliokunywa wakaendelea na dawa zao, sawa. Waliorudi wakaacha ARV, hao ndo walioumia.

Na kisheria hakuna cha kuficha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo toka 2002, lipo Baraza linalosajili waganga, Muhimbili kuna taasisi nzima inatafiti hii mimea.

Shangazi siku hizi akienda kliniki anabeba lile kopo. Mara ya kwanza dokta alilifungua akanusa, akauliza unachota kijiko kipi, cha chai au cha chakula? Shangazi akatoa kijiko chenyewe kwenye mkoba. Dokta akacheka, akaandika kwenye daftari lake, "mlonge, kijiko cha chakula 2, asubuhi", akamwambia aache kwanza mwezi mmoja wapime sukari bila mlonge waone inasomaje. Akakubali. Mlonge sa hivi anaula kama mboga, na ugali wa mtama, na analalamika kwamba mlenda ni mtamu zaidi.