Ukuta Lazima Ucheze: Mahekalu ya Mbao na Mawe ya Bonde la Kullu

Mzee aliyekuwa akiongoza mafundi alinipa nyundo ya mti akaniambia nigonge jiwe lolote la safu ya juu. Nikagonga. Jiwe likatoa mlio mkavu, likasogea kidogo, likatulia. "Umeona, mwanangu? Siku likikataa kusogea, hiyo ndiyo siku ya kuogopa."

Tulikuwa kwenye kijiji kimoja juu ya Naggar, katika bonde la Kullu, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Mbele yetu palikuwa na hekalu ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa umefumuliwa ili ujengwe upya. Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, na nimekulia kwenye nyumba za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe, Zanzibar. Kwetu ukuta ukianza kucheza, watu hufungasha virago. Kwa hiyo nilimwamkia chacha, ndivyo wanavyowaita wazee huko, yaani baba mdogo, nikamsikiliza kwa adabu, lakini moyoni sikumwamini. Ilinichukua wiki nzima ya kubeba mawe pamoja na vijana wake hadi nikaelewa alichokuwa akisema.

Wengi wetu tukisikia hekalu la Wahindu tunaona lile la Mombasa au Dar es Salaam: jiwe lililochongwa, kuba na vilele vyeupe, sakafu ya marumaru. Hayo yamejengwa zaidi na watu wenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India, na wamejenga kama kwao. Kwenye milima ya Himalaya, ambako bonde la Kullu liko, nako kuna mahekalu ya mawe matupu, tena makuu. Kule Masrur, wilaya ya Kangra, watu wa karne ya 8 walichonga kundi zima la mahekalu kutoka mwamba mmoja. Hekalu la Baijnath, la mungu Shiva, lilisimamishwa mwaka 1204 na wafanyabiashara wawili, ndugu wa tumbo moja, Ahuka na Manyuka, na maandishi ya ukutani yanawataja. Mjini Chamba utakuta minara ya mawe ya mtindo wa nchi tambarare, ila juu yake imevishwa miavuli ya mbao. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Kumbe ni kofia ya theluji: mtindo ulipanda mlima kutoka kusini, ukafika juu ukakuta baridi, ukajifunika.

Lakini lililonipeleka mimi ni hekalu la mbao na mawe kwa pamoja, ambalo halikupanda kutoka popote. Limezaliwa pale pale.

Wenyeji huuita ujenzi huu kath-kuni. Kath ni mti, kuni ni kona. (Mswahili akisikia kuni anawaza jiko. Nilieleza hivyo siku ya kwanza kazini, na vijana wakacheka hadi wakaketi chini.) Jina limekaa mahali pake, kwa sababu siri yote ipo kwenye kona. Fundi hulaza boriti mbili sambamba, moja kwenye uso wa nje wa ukuta, nyingine kwenye uso wa ndani. Nafasi iliyo kati yake hujazwa kokoto na mawe madogo. Kila baada ya hatua kadhaa boriti hizo mbili huunganishwa kwa kipande kifupi cha mti kilichochongwa kipana kwenye ncha na chembamba katikati, kikishakaa kwenye mitai yake, yaani nafasi zilizokatwa kwenye boriti, hakichomoki. Juu yake hupangwa safu ya mawe bapa, makavu, bila udongo, bila chokaa, bila saruji. Kisha boriti tena, safari hii za ukuta wa pili, ambazo ncha zake hukaa juu ya ncha za zile za kwanza. Mti, jiwe, mti, jiwe, mpaka juu. Kwenye kona boriti zimepandana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na pale zinapokutana hupigwa chango cha mti. Msumari wa chuma hakuna.

Mti wenyewe ni deodar, aina ya mwerezi. Jina lake la Kisanskriti, devadaru, maana yake ni mti wa miungu, na mafundi hawaoni kwamba huo ni usemi tu. Una mafuta ndani yake ambayo mchwa na ukungu haviyapendi. Nimeshika boriti ambayo kwa nje imekuwa ya kijivu kama mfupa, chacha akaitia patasi mara moja tu, na harufu ikatoka kali na tamu, kana kwamba mti umekatwa asubuhi ile.

Sasa kuhusu kucheza. Ardhi ya Himalaya haijatulia. Bara la India linaendelea kuisukuma Asia, na milima ile ndiyo mkunjo wake. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko kubwa lilipiga Kangra, likaua watu zaidi ya 20,000. Hekalu la mungu wa kike Bajreshwari lilianguka kabisa, likajengwa upya baadaye. Baijnath ilijeruhiwa lakini ikasimama, kwa hiyo sitasema kwamba jiwe siku zote hushindwa. Ninachosema ni kuhusu namna ukuta unavyopokea mtikisiko. Ukuta uliogandishwa kwa saruji ni kitu kimoja kigumu: nguvu ikiingia haina pa kwenda, inatafuta mahali dhaifu, inapasua. Ukuta mkavu una maelfu ya nyuso zinazogusana. Ardhi ikitikisika, kila jiwe linasuguana na jirani yake, na katika kusuguana huko nguvu ya tetemeko inapungua kidogo kidogo. Mawe peke yake yangemwagika. Boriti ndizo zinazoyazuia, kwa kuwa mti unavumilia kuvutwa na kupindwa, jambo ambalo jiwe haliliwezi. Halafu kuna paa la mawe bapa mazito, ambalo mhandisi wa mjini angeliona ni mzigo wa bure. Paa hilo ndilo linalokandamiza ukuta usio na gundi. Liondoe uweke bati, umeunyang'anya ukuta kinachoushikilia.

Kwenye bonde la Banjar, kusini kidogo, kuna mnara wa Chehni. Ulianza kama ngome na sasa ni makao ya mungu wa kike. Unapandwa kwa ngazi iliyochongwa kutoka gogo moja, na sehemu yake ya chini ni jiwe tupu lililojaa, halina chumba. Mwaka 1905 ulipoteza ghorofa za juu. Uliobaki bado ni miongoni mwa majengo marefu zaidi ya aina yake, na nilipopanda zile ngazi niliisikia kazi ya mbao chini ya miguu yangu kila hatua. Nilishuka magoti yakitetemeka, nikapanda tena.

Wageni wengi wanaishia mjini Manali, kwenye hekalu la mungu wa kike Hidimba Devi, na wana haki ya kulipenda. Lilijengwa mwaka 1553 na Raja Bahadur Singh wa Kullu, katikati ya msitu wa deodar wa Dhungri. Mapaa matatu ya mraba yamepandana, yamefunikwa vigae vya mbao, na juu kabisa kuna la nne, la shaba, lenye umbo la pia. Kutoka chini hadi kilele ni kama mita 24. Mlango wake umechongwa wanyama, maua na miungu hadi hakuna nafasi ya kuweka kidole. Basi unajiandaa kukuta utukufu ndani, unainama, unaingia, na unakuta mwamba. Mwamba mkubwa, mweusi, baridi, umelala sakafuni kama ulivyolala kabla ya mtu yeyote kufika, na chini yake kuna alama ya nyayo inayoheshimiwa kuwa ya mungu mwenyewe.

Nadhani hapa ndipo wengi wanapolisoma hekalu hili kinyume. Wanadhani jengo ndilo kitu kitakatifu na mwamba ni ajabu ya pembeni. Wenyeji wanasema mwamba ulitangulia. Kwa masimulizi ya Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, Hidimba alikuwa wa jamii ya majitu ya msituni, akaolewa na shujaa Bhima, akamzaa Ghatotkacha, na hapo ndipo alipofanya ibada hadi akawa mungu. Ukoo wa kifalme wa Kullu humwita bibi, mama wa baba, na ile sikukuu kubwa ya Dussehra, ambapo miungu ya vijiji vingi hukusanyika kwenye uwanja wa Dhalpur kwa siku 7, haianzi mpaka bibi awe amefika. Jengo ni nguo aliyovikwa. Nguo ikichakaa, inashonwa nyingine.

Na miungu hii inakwenda safari kwelikweli. Kila kijiji kina devta, yaani mungu, wake, naye si sanamu ya kukaa kabatini. Nyuso zake za shaba na fedha hufungwa kwenye machela, watu huibeba mabegani, na machela hucheza na kuinama kadiri devta anavyotaka. Mbele hupigwa ngoma na baragumu ndefu zilizopinda. Mara ya kwanza niliposikia baragumu zile zikijibizana bondeni nilikumbuka siwa, nikasimama kimya mpaka zikaisha. Devta ana ghala lake, ana msimamizi wa mali, na ana gur, mtu anayesema kwa niaba yake. Hekalu likihitaji ukarabati, devta huulizwa. Sisi tulingoja siku 4 kabla ya kugusa jiwe la kwanza, kwa sababu jibu lilikuwa halijatoka. Niliudhika, nakiri. Baadaye nikaona faida yake: katika siku zile 4 kila mwenye nyumba alipita, akatazama, akasema boriti ipi iliwekwa na babu yake na upande gani maji hupenya.

Ubaya wa ule ukuta uliofumuliwa haukuletwa na tetemeko wala theluji. Miaka kadhaa nyuma mtu fulani, kwa nia njema kabisa, aliujaza saruji kwenye nafasi za mawe ili upepo usiingie. Ukapendeza. Lakini mvua ilipopenya kutoka juu haikupata pa kutokea, ikakaa ndani, na deodar inayostahimili karne nyingi za theluji ikaoza kwa kukosa hewa. Tulipoifunua ilikuwa kama keki iliyolowa. Nilihisi uchungu wa mtu aliyeona jambo lile lile kwao: Mji Mkongwe nimebandua mara nyingi plasta ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa, na nyuma yake nikakuta matumbawe yamelia chumvi na boriti zimelika. Ukuta wa kale unapumua, na anayeuziba huwa anadhani anautunza.

Adui mwingine ni moto. Januari 2008 kijiji cha Malana kiliungua karibu nusu, pamoja na sehemu za mahekalu yake ya kale. Kwa moto, kath-kuni haina ujanja. Na adui wa tatu ni uhaba. Deodar hukua polepole, misitu iko chini ya sheria, na familia ya kawaida ikijenga leo hununua saruji na nondo kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana. Vijiji vingi vimebaki na hekalu tu kama jengo la mwisho la mtindo huu, kwa hiyo pia ndipo mahali pa mwisho ambapo kijana anaweza kuishika kazi hii mkononi. Kwenye timu yetu vijana walikuwa 5. Mmoja wao alijua kuchonga ule mti wa kuunganisha bila kupima.

Boriti zilizooza tulizitoa, zilizo nzima tukazirudisha. Nilipewa kazi ya kuzichora moja moja kabla hazijapanda. Moja ilikuwa na mitai yake ya kawaida, na kando yake mingine mitatu iliyokuwa mitupu, isiyolingana na chochote katika ukuta ule. Nikapima mara mbili nikidhani nimekosea, kisha nikamwita chacha. Akapitisha kidole gumba ndani ya tundu moja baada ya jingine, taratibu. "Hii ilikuwa mahali pengine kabla ya hapa," akasema. "Labda nyumba, labda hekalu la zamani." Akanionyesha nishike ncha ya pili, tukaiinua, tukaiweka kwenye kona.