Mliokoma hedhi: mfupa hauumi mpaka uvunjike

Kila ikikaribia tarehe 20 Oktoba, Siku ya Osteoporosisi Duniani (ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu), maswali yanamiminika na mengi ni yaleyale, "magoti yananiuma, nimepungukiwa kalsiamu?" Jamani, hili tumelisema sana. Goti linalouma mara nyingi ni shida ya jointi. Mfupa uliopungua unakaa kimya tu mpaka siku unateleza kidogo, unajizuia na mkono, kifundo kinavunjika, au umeinama kunyanyua ndoo pingili ya mgongo inabonyea. Kufupika na kupinda mgongo ni dalili ndio, ila hapo umeshachelewa.

Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka hedhi inapokoma, mfupa unamomonyoka haraka kuliko unavyojengwa, na miaka 5 hadi 7 ya mwanzo ndo mbaya, wengine wanapoteza hadi asilimia 20. Kwa hiyo usisubiri maumivu, pima.

Kipimo ni DEXA, eksirei maalumu ya kupima uzito wa mfupa. Unalala chali, mashine inapita juu ya nyonga na kiuno, hakuna sindano na mionzi yake ni kidogo sana. Siku moja kabla usimeze vidonge vya kalsiamu, na uvue mkanda na chochote cha chuma. Majibu yanakuja kwa alama ya T, yaani mfupa wako ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya, -1 kwenda juu uko sawa, kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kupungua, -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Ukirudia, rudia kwenye mashine ileile, namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi. Ukiwa na miaka 65 nenda, na usingoje umri huo kama hedhi ilikoma kabla ya 45, umetumia prednisoloni (dawa ya steroidi) miezi 3 au zaidi, unavuta sigara, au mzazi wako alivunjika nyonga.

Kalsiamu miligramu 1200 kwa siku ukijumlisha na chakula, vitamini D, kutembea na kunyanyua vitu vizito kiasi, hayo mnayajua.

Tatizo kubwa ni namna mnavyotumia dawa. Alendroneti, kidonge cha kuzuia mfupa usimomonyoke, ile ya kila wiki inamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, sio chai wala maziwa, halafu nusu saa usile na usirudi kitandani, ukilala inachubua koo la chakula. Kalsiamu imeze baadaye. Na wale wa sindano ya denosumabu, nayo ya kuzuia mfupa usimomonyoke, ni kila miezi 6, tafadhali sana msiiache kimyakimya eti mnajisikia vizuri, ikikatwa ghafla pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo, ongea na daktari kwanza akupangie dawa ya kuchukua nafasi yake.