Yai Lile Liliandikwa Wapi?

Kwa kazi mimi ni mhasibu, na kwa miaka tisa sasa ni mhazini wa mtaa wetu wa Kilutheri, yaani tawi la usharika, huku Machame, mlimani Kilimanjaro. Jumatatu hadi Ijumaa nashinda na vitabu vya wafanyabiashara wa Moshi mjini. Jumapili nakaa kwenye meza ya mbao nje ya kanisa, chini ya mparachichi, na daftari, kalamu mbili na bakuli la plastiki la kupokelea fedha za mnada. Leo nataka kueleza daftari hilo. Sisi wahazini wa mitaa tunaachiana daftari bila kufundishana, na kosa nililorithi mimi nimelikuta hata kwa wenzangu.

Kwa msomaji ambaye kwao hakuna mnada wa kanisa: ibada ikiisha tunatoka kwa wimbo, mwinjilisti akitangulia, tunasimama mduara uwanjani. Vitu vilivyoletwa madhabahuni wakati wa sadaka vinatolewa nje. Mkungu wa mshare (aina ya ndizi za kupika), maharage kwenye kisado, maziwa kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, kuku aliyefungwa miguu kwa mgomba mkavu, mara mojamoja mbuzi. Mzee wa mnada anainua kitu kimoja juu ya kichwa chake. "Elfu mbili ya kwanza! Elfu mbili ya pili!" Akitokea wa kusema "na mia tano", hesabu inaanza upya. Ikifika ya tatu, kitu kimepata mwenyewe, na mwenyewe anakuja mezani kwangu kulipa.

Ndiyo mnada. Anayeutazama kwa macho ya sokoni hauelewi, kwa sababu mkungu ule ule angeupata Kwasadala siku ya soko kwa nusu ya bei. Mnunuzi anajua hivyo, tena vizuri kuliko wewe. Kiasi kinachozidi bei ya soko ni sadaka yake. Tena mara nyingi, akishalipa, haondoki nacho: anasema "kirudi mezani", kinanadiwa tena, mara ya pili, ya tatu, mpaka anunue mtu ambaye anakipeleka kwa mama aliyejifungua au kwa mzee aliyebaki nyumbani mgonjwa.

Sasa daftari. Nililolikuta lilikuwa na safu nne: tarehe, kitu, mnunuzi, kiasi. Kihesabu halikuwa na doa. Jumla ya safu ya nne ililingana na fedha za bakulini, wazee wawili wakahesabu pamoja nami na kutia sahihi, na Jumapili iliyofuata kiasi kikasomwa kwenye matangazo. Mkaguzi yeyote angelipitisha. Nami nililipitisha kwa miaka miwili.

Kisha mwisho wa mwaka tukabandika ubaoni orodha ya matoleo ya washiriki, jina kwa jina, kama ilivyo desturi yetu. Jumapili ile, watu wamekwisha kutawanyika, akanijia bibi mmoja mjane. Amevaa kitenge cha umoja wa wanawake, ameshika mkono wa mjukuu ambaye ndiye aliyemsomea ubaoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto anasema jina langu lina kistari tu. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, bahasha zake za sadaka hazikuonekana mwaka ule. Akanyamaza kidogo, akaniuliza bila hasira yoyote: "Na yale mayai yangu, mwanangu, yaliandikwa wapi?"

Nilifungua daftari palepale. Nilikumbuka Jumapili moja ya mwezi wa tano, mvua za masika, watu wachache na fedha kidogo. Aliingia na yai moja kwenye kiganja, akaliweka madhabahuni juu ya kitambaa ili lisibingirike. Mnadani likaanza kwa mia tano. Kijana wa bodaboda akalichukua kwa elfu moja, akalirudisha. Mwalimu wa shule ya msingi akalipa elfu mbili, akalirudisha. Mgeni aliyekuja kumwona mama yake akalipa elfu tano, akaagiza lipelekwe kwa mzazi aliyekuwa na kichanga cha wiki moja. Elfu nane, kwa yai moja. Na daftarini nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mwenyewe: yai, kijana, 1,000, yai, mwalimu, 2,000, yai, mgeni, 5,000. Aliyelileta hayupo. Yai lilikuwa kama limetagwa mezani.

Nikahesabu mwaka mzima kwa kumbukumbu za wazee na za mzee wa mnada. Bibi yule alileta kitu karibu kila mwezi.

Hili si jambo la kumpoza mtu moyo tu, lina uzito wake. Kwetu, kadi ya mshiriki inafunguliwa mtoto anapotaka kipaimara, kijana anapotangaza ndoa, na familia inapokuja kuomba kanisa limzike mtu wao. Wazee wanaangalia kama ni mshiriki hai. Kadi yenye vistari inamfanya mwenye kadi aombewe udhuru na majirani, mbele ya jeneza lake mwenyewe. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo, nikaona binti wa marehemu akitaja kwa vidole vitu ambavyo mama yake alivibeba kanisani, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumuunga mkono.

Nilipoanza kupanga majina upya niliona jambo ambalo uhasibu wangu wa mjini haukuwa umenionyesha. Karibu wote waliopotea daftarini walikuwa wanawake. Sababu yake iko kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga. Hapa mlimani kahawa ni zao la baba, na ndizi, maziwa na kuku viko mikononi mwa mama. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, fedha taslimu hazikuwa kitu cha kila nyumba. Kahawa ndiyo iliyozileta kihambani, na tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ianzishwe mwaka 1933 malipo yake yamekuwa yakitoka kwa msimu na kwa jina la mwanachama, ambaye kwa kawaida ni mwanamume. Bahasha ya sadaka nayo ikafuata jina lilelile. Kwa hiyo nyumba ya mume na mke ina bahasha ya baba yenye noti baada ya mavuno ya kahawa, na ina kikapu cha mama kinachokuja mwaka mzima, hata masika ambapo hakuna hata senti ndani. Daftari letu liliandika bahasha likaacha kikapu. Halafu tukawa tunasimama kwenye semina kuuliza kwa nini akina mama hawaonekani kwenye matoleo!

Nilipeleka pendekezo kwenye baraza la wazee: tuongeze safu ya aliyeleta. Pingamizi la kwanza lilikuwa la kihasibu, na lilitoka kwa mzee ninayemheshimu sana. "Mama mhazini, yai moja utaliandika kwa aliyeleta na kwa walionunua. Si utahesabu mara mbili?"

Ni swali zuri, na jibu lake ni kutenganisha vitabu viwili. Daftari la fedha lina kazi moja, kulingana na bakuli. Humo fedha inaingia mara moja, kwa jina la aliyeilipa, basi. Kadi ya mshiriki ina kazi nyingine: inasimulia huyu mtu ametoa nini. Kadi hazijumlishwi zikapelekwa benki, hivyo hakuna kinachohesabiwa mara mbili. Kijana wa bodaboda alitoa elfu moja, kweli. Bibi alitoa yai, kweli pia. Kweli moja haiifuti nyingine.

Pingamizi la pili lilikuwa gumu zaidi, na hapo hata mimi nilibadili mawazo. Mwanzo nilitaka tuandike kwenye kadi ya bibi thamani iliyopatikana mnadani, yaani elfu nane. Mwinjilisti akaniuliza: na mwakani yule mgeni asipokuja, yai likauzwa mia sita, bibi atakuwa ametoa pungufu? Alikuwa na haki kabisa. Bei ya mnada inapimwa kwa mifuko ya waliosimama uwanjani siku ile. Desemba, watoto wetu wakirudi kutoka Dar es Salaam na Arusha kwa Krismasi, mkungu wa ndizi unaweza kufika elfu hamsini. Mei mkungu wa uzito uleule unakwama kwenye elfu kumi. Aliyeulima hakubadilika, mgongo ulioubeba ni uleule. Tukaamua kadi iandike kitu chenyewe kwa hesabu yake: yai 1, maziwa chupa 1, mshare mkungu 1. Tusikigeuze kuwa shilingi. Nalishikilia hilo hadi leo, na nawasihi wahazini wenzangu walishikilie. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mtu anapoleta malimbuko, kuhani anakipokea kikapu mkononi mwake na kukiweka mbele ya madhabahu. Kinachopokewa ni kikapu, na aliyekibeba amesimama pale.

Kuna mambo madogo ya kazi ambayo mhazini mpya atakutana nayo. Andika aliyeleta kabla ya ibada, mlangoni, kwa sababu vitu vikishafika madhabahuni vinafanana vyote. Sisi tunaweka kijana mmoja na kipande cha penseli mlangoni. Wapo wanaosema wazi "usiniandike", kwa kuwa hawataki mkono wa kushoto ujue. Hao waheshimu, andika "mshiriki" ukaendelea.

Madeni ya mnada ni habari nyingine. Mtu amechangamka, amepaza sauti, amepata mbuzi kwa laki moja na nusu, kisha mezani anasema nitatuma kwa simu. Wengi wanatuma kabla ya chakula cha mchana. Wachache hawatumi. Nimeona mahali wakisoma majina ya wadaiwa kanisani, nami sikubaliani nako hata kidogo: mtu yule hakukopa, aliahidi sadaka mbele ya watu kwa furaha, na aibu itamfundisha kunyamaza mnada ujao. Sisi anakwenda mzee wa jumuiya yake, jioni, anaketi, anakunywa chai, anauliza habari za nyumbani. Mara nyingi kunakuwa na mgonjwa au ada ya shule. Deni likishindikana, nalifuta kwa kuliandika limefutwa, na wazee wanatia sahihi. Ila hata likifutwa, mbuzi aliletwa na mtu. Safu ya aliyeleta haifutwi.

Orodha ya mwaka uliofuata ilibandikwa ubaoni ikiwa na kurasa mbili zaidi. Bibi alikuja na mjukuu yule yule, ameongezeka kimo. Mtoto akasoma kwa sauti, kidole ubaoni: mayai kumi na moja, maziwa chupa nne, kuku mmoja. Bibi akamkatiza: "Mayai kumi na mawili. Moja lilivunjika njiani, nikalirudisha nyumbani, hilo waache."

Tena ni yeye aliyetuongezea safu ya mwisho. Aliniambia daftari limekumbuka maziwa lakini limesahau chupa. Mnunuzi anaondoka na chupa, mama anabaki bila cha kukamulia kesho yake, na Jumapili inayofuata haleti maziwa kwa sababu hana pa kuyatia, wala hawezi kusimama kanisani kudai chupa. Kwa hiyo daftari letu sasa lina safu sita: tarehe, kitu, aliyeleta, mnunuzi, kiasi, na chombo. Kwenye chombo naandika "kikapu", "chupa", "kamba ya mbuzi", na kinaporudi naweka alama ya vema. Jumapili iliyopita zilibaki chupa mbili na kisado kimoja. Kisado najua kiliko, nitakipitia kesho nikitoka kazini.