Pikapu inachemsha: uliza kwanza inachemsha wakati gani

Pikapu nyingi hubadilishiwa thamostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto), kisha pampu ya maji, kisha rejeta nzima, na bado zinachemsha. Kifaa kinabadilishwa kabla hakijaulizwa swali la bure kabisa: inachemsha ikiwa imesimama, au ikiwa imebeba mzigo?

Anza na maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta una springi inayoshikilia mgandamizo wa karibu bar 1, na ndiyo maana mchanganyiko wa nusu kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na nusu maji yaliyochujwa madini hupita nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ukiufungua injini ikiwa bado ya moto, mgandamizo hushuka mara moja, maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Tafadhali usijaribu, hata kwa kitambaa. Injini ikishapoa, kagua mpira wa mfuniko huo: ukipasuka, gari litachemsha na kumwaga maji hata kama vingine vyote ni vizima.

Pikapu inayochemsha kwenye foleni lakini ikatulia inapokimbia, inakosa hewa. Ikiwa mwendoni, upepo hupita kwenye rejeta wenyewe. Ikisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Pikapu nyingi zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Toa ufunguo, injini ikiwa baridi, kisha sukuma pangaboi kwa mkono. Klachi nzima hubisha. Pangaboi likizunguka mara tatu nne bila kizuizi, mafuta yameisha, na mara nyingi utaona michirizi yenye vumbi ikianzia katikati ya klachi. Kama feni ni ya umeme, pima fyuzi, rilei (swichi inayoiwasha) na mota. Angalia pia kama kava la plastiki linaloizunguka feni lipo. Kuna mafundi hulivua na wasilirudishe, na bila kava hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Ikichemsha mlimani au na mzigo tu, shaka inahamia kwenye rejeta yenyewe na mzunguko wa maji. Mulika tochi kati ya kondensa ya AC (inayofanana na rejeta, mbele yake) na rejeta; hapo ndipo majani, wadudu na tope hujificha, huku kwa mbele pakionekana safi. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, maana mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi ya alumini. Ndani, chokaa na kutu kutokana na maji ya bomba huziba mirija. Hosi ya chini nayo huweza kunywea na kuzuia maji: msaidizi akipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, itazame, mikono na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda.

Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Washa injini baridi na uguseguse hosi ya juu: inatakiwa ikae vuguvugu, kisha ipate moto ghafla. Mshale wa joto kwenye dashibodi ukienda kwenye nyekundu na hosi bado baridi, thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Hosi ikipata joto polepole tangu mwanzo na mshale usifike mahali pake, imekwama wazi, au mtu ameitoa. (Kwenye injini ambazo thamostati iko upande wa maji kuingilia, gusa hosi ya chini.) Kuitoa si tiba. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta zaidi, na silinda huchakaa mapema.

Hita ya kupasha joto kabini hutumia maji yaleyale. Hosi zake mbili zinazoingia kabini zikiwa za moto zote na ndani kunapuliza baridi, kilango cha kuchanganya hewa kimekwama. Moja ya moto na nyingine baridi: rejeta ndogo ya hita imeziba, au vali yake imefungwa. Zote baridi: maji yamepungua, kuna hewa iliyonasa ndani ya mzunguko wa maji, au thamostati iko wazi. Zulia lenye unyevu na harufu tamu maana yake rejeta ndogo inavuja. Feni ya kabini ikifanya kazi namba ya juu tu, rezista yake (kifaa kinachopunguza kasi) imeungua.

Ukimaliza, toa hewa kwenye mzunguko wa maji: inua pua ya gari, weka hita kwenye joto kamili, jaza polepole na uache injini ingurume mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Mapovu yasiyoisha, pamoja na moshi mweupe au oili iliyogeuka kama maziwa, yanaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Zima injini hapohapo.

AC inayopoza mwendoni tu huwa na kondensa chafu au feni dhaifu. Ikipoteza ubaridi siku baada ya siku, gesi inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kuiachia hewani gesi ya R134a, ambayo huongeza joto la dunia mara zaidi ya elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Fundi aivute kwa mashine, azibe, kisha ajaze kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya bonneti. Ikizidi, mgandamizo hupanda na ubaridi hupungua.