Mwenye Biashara Naye Alipwe Mshahara

Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo, na kadiri miaka inavyokwenda nimezoea kuyasoma maisha ya mtu kwenye daftari lake. Mteja wangu mmoja, mama mwenye karakana ya kushona sare na mafundi sita, alinijia akilalamika kwamba hana muda. Anafika kazini kabla ya wote, anaondoka baada ya wote, Jumapili anashinda na simu mkononi, na watoto wameshaacha kumwuliza atarudi saa ngapi. Alitaka nimsaidie kupanga ratiba. Nikamwomba daftari la matumizi. Ndani ya mwezi mmoja neno "nyumbani" lilikuwa limeandikwa mara 23, kwa penseli, kila mara na kiasi kidogo pembeni. Mshahara wa mafundi ulikuwepo. Wa kwake haukuwepo.

Mimi huanzia hapo, na wengi hushangaa: mtu analilia muda, mimi namwuliza habari za fedha.

Anayechota kwenye droo kila nyumbani kunapopungua hajui kiasi gani kinamtosha. Kwa kuwa hajui, kila saa anayopumzika huiona kama tonge alilowanyang'anya watoto, na haiji siku ya kusema leo basi. Tena faida yake yenyewe ni ya kujidanganya, maana mfanyakazi anayetegemewa kuliko wote halipwi. Chukua mfano mwepesi. Mwisho wa mwezi hesabu inaonyesha faida ya 100, na mwenyewe amefanya kazi saa 300. Kama kumwajiri mtu wa kuifanya kazi hiyo kungegharimu 120, biashara haina faida ya 100. Ina hasara ya 20, na anayeifidia ni mwenyewe, kwa usingizi wake. Mtu akishaliona hilo anaacha kuuliza namna ya kuamka mapema zaidi. Anaanza kuuliza kama bei zake ziko chini mno, au kama kuna oda inayokula siku tatu na kurudisha kidogo.

Sisi wahasibu tuna kanuni ya zamani: biashara ni mtu mwingine. Hata mtaji uliouweka mwenyewe tunauandika upande wa madeni, kama kitu ambacho biashara inadaiwa na wewe. Mahakama nazo zilifika huko. Mwaka 1896, Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa mahakama ya juu ya rufaa, liliamua kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni, wenye hisa wakiwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilipofilisika, majaji walisema madeni yake si ya Salomon. Angalia lakini: kama biashara yako haijasajiliwa kuwa kampuni, kinga hiyo huna, na mdai anaweza kukufuata mpaka sebuleni. Ndiyo maana namsisitizia zaidi mtu wa namna hiyo atenganishe mambo angalau kwenye vitabu.

Kwa vitendo ni hivi: akaunti mbili, na mshahara wako unaohama kutoka moja kwenda nyingine tarehe ileile kila mwezi. Kiasi cha kuanzia ukipate kwenye matumizi halisi ya nyumbani ya miezi mitatu, kisha uone kama biashara inakimudu. Isipokimudu, jilipe pungufu, lakini usiruke mwezi.

Saa za kazi zinafuata baada ya hapo, na hapo mwenye biashara yuko peke yake kweli. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, ukawaacha nje wasimamizi pamoja na biashara zinazoendeshwa na watu wa familia moja tu. Mwili haujui msamaha huo. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Zile saa 300 za mfano wangu ni kama 70 kwa wiki.

Nilimwambia mama yule aandike kwa wiki nzima kila swali lililomfuata nyumbani kwa simu. Karibu yote yalikuwa ya ruhusa: tununue uzi, tumpunguzie mteja huyu, tumpe fundi nauli. Dawa yake haikuwa kuzima simu. Alimpa fundi mkuu kikomo cha fedha; chini ya hapo aamue mwenyewe na aandike, ataulizwa kesho yake. Wiki za kwanza fundi alikosea mara mbili. Makosa yale yalikuwa na bei, nasi tuliyaingiza kwenye hesabu kama gharama ya mafunzo.

Mimi mwenyewe ninakoshindwa ni kwingine. Nafika nyumbani, mwili umekaa kwenye kiti, kichwa bado kinatafuta tofauti kwenye mizania ya mtu, lile jedwali la mali na madeni. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba ukiacha kazi katikati, sehemu ya umakini wako hubaki kwenye kazi ile. Baadaye, akiwa na mwenzake, alionyesha kuwa kuandika kwa kifupi ulipoishia na utakapoanzia hupunguza mabaki hayo. Sasa kabla ya kufunga ofisi naandika mistari miwili kwenye karatasi na kuiacha mezani. Siku ninazosahau, mke wangu huniuliza jambo mara mbili.

Mwezi wa tatu mama yule alileta daftari. Mstari wa "mshahara wangu" ulikuwepo, kwa wino. "Nyumbani" ilikuwa imebaki mara mbili. Moja alinieleza. Ya pili alicheka tu, nami nikageuza ukurasa.