Mizani kwanza: ninavyosoma pesa za Wacheki

Wanaoniuliza waanzie wapi kusoma historia ya pesa za Wacheki hutarajia niwatajie kitabu. Mimi huwaambia wanunue mizani ndogo ya sonara, inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu. Maandishi ya sarafu ni kauli ya mfalme, na mfalme alisema alichotaka raia waamini. Ukitaka kujua alichowapa, pima.

Chukua groshi ya Prague, sarafu ya fedha ya zamani. Mwaka 1300 Mfalme Václav II, mwenye migodi tajiri ya fedha huko Kutná Hora, aliwaleta wataalamu wa Kiitalia na kuanza kupiga sarafu hiyo katika jengo ambalo hadi leo huitwa Vlašský dvůr, yaani ua wa Waitalia. Kwa hiyo ina jina la Prague lakini haikuzaliwa Prague. Upande mmoja una taji na jina la mfalme, upande wa pili simba mwenye mikia miwili na maneno GROSSI PRAGENSES. Ilikuwa na uzito wa gramu 3.8 hivi, na zaidi ya asilimia 90 yake ilikuwa fedha. Watu waliihesabu kwa kopa, yaani sitini-sitini, kama wafanyabiashara wa pwani yetu walivyohesabu nguo kwa korja, yaani ishirini-ishirini.

Sura hiyo iliendelea kupigwa, kwa vipindi, hadi 1547. Zipange mezani groshi za wafalme watano na jicho litakwambia hakuna kilichobadilika sana. Mimi nina kikombe cha maji. Napima sarafu ikiwa kavu, kisha naining'iniza kwa uzi ndani ya maji na kuipima tena. Uzito wa kwanza ukiugawa kwa kiasi kilichopungua majini, unapata ujazito wake. Fedha safi hutoa 10.5, shaba hutoa karibu 9. Groshi nzuri ya Václav II inakaribia 10.4. Zile za Václav IV, karne moja baadaye, zinateremka waziwazi: shaba imeingia ndani huku simba akibaki vilevile. (Huyo Václav IV anajiita TERCIVS, wa tatu, kwenye sarafu zake. Wanaoanza hukwama hapo na kumpa Václav III sarafu za Václav IV, hivyo shika hilo mapema.)

Lakini usitoe hukumu kwa sarafu moja. Mafundi wa zama zile walipima fungu zima; walitakiwa kutoa idadi fulani ya sarafu katika kipimo kimoja cha fedha, na ndani ya fungu hilo nyingine zilikuwa nzito, nyingine nyepesi. Wavunja pesa walilijua hilo. Walichagua zile nzito, wakaziyeyusha, nyepesi wakazirudisha sokoni. Tunachochimbua leo, basi, mara nyingi ni mabaki ya uchaguzi wao. Ndiyo maana napenda hazina iliyofukiwa chunguni na kupatikana nzima kuliko sarafu moja inayong'aa kwenye mnada, hata kama hiyo ya mnada ni nzuri mara kumi. Katika karne ya 15 miji kadhaa ya Ujerumani iligonga mihuri yake juu ya groshi ilizozikagua na kuziona zinafaa. Nikiona muhuri wa namna hiyo najua mtu mwingine alishakaa na mizani kabla yangu.

Kisha kuna Jáchymov, mji wa milimani ambao kwa Kijerumani uliitwa Joachimsthal, bonde la Yoakimu. Kuanzia miaka ya 1519 na 1520 ukoo wa Schlick ulipiga huko sarafu kubwa za fedha. Jina lao refu likakatwa likawa taler, na kwa kupita midomo mingi likawa dola. Silo lile dola la serikali, ambalo ni la Kiarabu. Ni dola ya mfukoni.

Binamu yake alifika kwetu kwa miguu yake mwenyewe. Reale ya Maria Theresa, gramu 28, ilitumika Unguja na mwambao wote katika karne ya 19, ikiwa na tarehe ya 1780 hata ilipopigwa miaka mingi baadaye. Ukikutana nayo, soma herufi zinazozunguka kichwa cha malkia: HU. BO. REG. Hiyo BO ni Bohemia, nchi ya Wacheki. Geuza upande wa pili, na katika ngao iliyo kifuani mwa tai utamkuta yule simba wa Kutná Hora.

Udanganyifu mkubwa kuliko wote ulitokea 1622. Kundi la wakubwa, akiwemo Albrecht von Wallenstein, lilikodishiwa haki ya kupiga sarafu. Katika kipimo cha fedha ambacho zamani kilitoa zlatý 19 (zlatý ilikuwa jina la pesa ya huko), wao walitoa 79. Mwishoni mwa 1623 serikali ilishusha thamani ya pesa hizo hadi karibu sehemu ya kumi, na akiba za watu wa kawaida zikateketea. Nimeshika sarafu za miaka hiyo. Picha yake imechongwa kwa ustadi, na hilo linaniumiza zaidi.

Mizani yangu haina kazi kuanzia 1919. Mwaka huo Alois Rašín, waziri wa fedha wa Chekoslovakia changa, alifunga mipaka ili noti za himaya iliyokufa ya Austria-Hungaria zibandikwe stempu. Yenye stempu ikawa ya nchi mpya. Hapo natumia kioo cha kukuzia, kwa sababu stempu bandia zilizuka upesi. Na Februari 1993, Wacheki na Waslovakia walipotenganisha pesa zao, watu waliketi tena kubandika stempu kwenye noti za koruna 100, 500 na 1,000.