Shemeji, makombora hayapangi bei ya mafuta

Juzi kwenye kikao cha harusi, kabla hata daftari la michango halijafunguliwa, shemeji akanirushia swali ninaloulizwa kila ndege za kivita zinaporuka huko Mashariki ya Kati: "Wewe si mtu wa mafuta? Vita vikianza mnapandisha siku hiyo hiyo. Vikiisha mnajifanya hamjasikia." Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kikao akakoleza kwamba wenye sheli na wakubwa wa dunia lao moja. Nina miaka zaidi ya kumi kwenye dawati la kuagiza mafuta na nimechoka. Naandika mara moja tu, wengine nitawatumia linki.

La sheli tulimalize haraka. Bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, Tanzania hutangazwa na mamlaka ya nishati, EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kenya hutangazwa na wenzao wa EPRA tarehe 14. Mwenye sheli wa Mbagala hawezi kuvuka bei hiyo usiku kwa sababu ameona moshi kwenye Al Jazeera. Basi.

Linaloniudhi ni hili la kwamba mabomu yakilia, bei lazima ipande. Chukua Jumatatu ya tarehe 23 Juni 2025. Usiku wa kuamkia Jumapili Marekani ilikuwa imepiga vituo vya nyuklia vya Iran, na soko lilipofunguliwa Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, ikagusa dola 81 kwa pipa. Jioni, kwenye saa moja na nusu kwa saa zetu, Iran ikarusha makombora kwenye kambi ya jeshi la Marekani ya Al Udeid kule Qatar. Nilikuwa bado ofisini, chai imepoa, macho kwenye skrini nikingoja mstari upae. Ukaporomoka. Nikadhani mtandao umekwama, nikafungua upya, ukazidi kushuka. Siku ikafungwa Brent ikiwa dola 71 na ushei, pungufu kwa asilimia 7.

Soko linahesabu mapipa, na jioni ile hakuna pipa lililopotea. Hofu ya wiki nzima ilikuwa Mlango-bahari wa Hormuz, ulikokuwa ukipita mafuta kama mapipa milioni 20 kwa siku. Iran ilipojibu kwa kulenga kambi ya jeshi, tena ikiwa imebisha hodi kwanza kwa kutoa taarifa, kila aliyenunua kwa hofu akataka kuuza kabla ya jirani yake. Meli ziliendelea kupita.

Si mara ya kwanza. Saddam wa Iraq alipoivamia Kuwait Agosti 1990, bei ilipanda hadi ikavuka dola 40 mwezi Oktoba. Mabomu ya Marekani yalipoanza kuanguka Baghdad Januari 1991, vita vyenyewe sasa, bei ikapoteza karibu theluthi kwa siku moja. Hofu ilishalipiwa miezi mitano nyuma, na Rais Bush wa Marekani alikuwa ameruhusu akiba ya mafuta ya taifa lake ianze kutolewa. Linganisha na Abqaiq, mitambo ya mafuta ya Saudi Arabia iliyoshambuliwa Septemba 2019. Hakuna aliyetangaza vita, lakini Saudi Arabia ilipoteza uzalishaji wa mapipa milioni 5.7 kwa siku, na Brent ikamaliza siku ya Jumatatu ikiwa imepanda karibu asilimia 15. Wasaudi walipotengeneza mitambo, wiki chache tu bei ikarudi.

Na hao wakubwa wa dunia? Maneno yao yana nguvu, sibishi. Tarehe 2 Aprili 2020 Trump aliandika Twitter kwamba anatarajia Saudi Arabia na Urusi zitapunguza uzalishaji kwa kama mapipa milioni 10, na mafuta ya Marekani yakapanda karibu robo siku ile ile. Na kweli, wao na wazalishaji wenzao wakakubaliana kupunguza milioni 9.7 kwa siku kuanzia Mei. Lakini dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa korona na matangi ya Cushing, Oklahoma, ghala kuu ambako mafuta ya Marekani hukabidhiwa, yalikuwa yanakaribia kujaa. Tarehe 20 mwezi huo huo mkataba wa kupokea mafuta hayo Mei ukafungwa kwa dola 37 na senti 63 chini ya sifuri. Mwenye mkataba alikuwa anakulipa umwondolee mafuta yake. Huwezi kumwaga twiti ndani ya tangi lililojaa.

Hapa nikiri. Machi 2022, Urusi ikiwa imeivamia Ukraine, niliwaambia mabosi wangu kwamba mapipa ya Urusi yatatoweka, tukubali premiamu yoyote, yaani nyongeza anayodai muuzaji juu ya bei ya soko. Shirika la Kimataifa la Nishati nalo lilionya kuwa milioni 3 kwa siku zingeweza kukosekana, kwa hiyo nilikosea nikiwa na wakubwa. Mapipa yalikwenda India na China kwa punguzo. Biden akatoa milioni 180 kutoka kwenye akiba yake, bei ikaja kulegea, na hadi leo nikiulizwa kilichoilegeza ni akiba ile au ni China kujifungia kwa korona, najibu kulingana na anayeuliza. Hata ile "dola kumi za hofu" tunayoandika kwenye ripoti, kwamba ndiyo sehemu ya bei iliyoletwa na hofu, huwa tumeikadiria kwa jicho.

Kuhusu kuchelewa kushuka: sisi hatununui mafuta ghafi. Tunanunua petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, kwa bei za Ghuba, na zinachukua kama miezi miwili kufika kwenye pampu yako. Njiani kuna gharama ya bima ya vita ya meli na bei ya dola yenyewe. Brent ilifika karibu dola 139 Machi 2022, lakini petroli ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita mwezi Agosti, ghafi ikiwa imeshapoa. Viwanda vya kusafisha vilikuwa vimeelemewa, na petroli na dizeli zikawa na soko lake peke yake. Kuchelewa huko kunafanya kazi pande zote mbili, ila inapopanda kwa kuchelewa hakuna anayenipigia kunishukuru.

Shemeji alisikiliza yote haya, akakuna kidevu. "Kwa hiyo nijaze leo au nisubiri Jumatano?"

Nikamwambia ajaze. Gari langu nje lilikuwa na robo tenki, nasubiri Jumatano.